Majamvi ya Mzee Rabah

Katika habari za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, inasimuliwa kwamba palikuwa na mtu katika mji wa Wasit, ulio baina ya Kufa na Basra, jina lake Nuaim bin Rabah. Kisa hiki nilikisikia kwa mwalimu wangu. Kila alipofika mahali fulani sauti ilimkatika, akajifanya anatafuta miwani yake. Tukifika nitawaonyesha mahali penyewe.

Baba yake, mzee Rabah, alikuwa msuka majamvi. Matete aliyakata mwenyewe mtoni, akayapasua, akayaloweka, akayasuka, na majamvi yote ya msikiti wa Ijumaa yalikuwa kazi ya mikono yake. Hayo ya msikiti hakuyatoza hata dirhamu. Pindo la kila jamvi alilirudia mara mbili ili lisifumuke, na wasukaji wenzake walimcheka kwamba anapoteza matete bure. Yeye alikuwa akiwajibu, "Kinachokanyagwa na wanaokwenda kusujudu hakifanyiwi ubahili."

Nuaim kazi ile hakuipenda. Matete yanachana vidole, na msuka majamvi hakuna anayempisha njiani. Alipoota ndevu akaiacha, akaingia katika biashara ya kitani. Aibu yake, ndugu zangu, haikuwa wizi wala ulevi. Alipenda kuonekana, basi. Alichukua vitambaa kwa mkopo, akajenga nyumba yenye ua mpana, akawa analisha wageni kila siku ili aitwe karimu. Ukarimu kwa mali ya mwenzako ni kitu chepesi sana. Hata mimi nauweza. Kwa wazazi wake alifika siku za Idi, akakaa nusu kitako, akambusu mama yake kichwani, akaenda zake.

Alipotimiza miaka arubaini mambo yakamharibikia. Waliomdai walikuwa watano, mkubwa wao akiitwa Shaddad bin Ghalib. Walikuwa watu wa dini, hawakumburuta kwa kadhi; walikubaliana naye auze nyumba, na kilichobaki akilipe kidogo kidogo. Mkewe alikuwa ameshafariki na hawakujaliwa mtoto. Basi akajitwika godoro lake, akarudi nyumbani kwa baba yake.

Mama yake, Bi Lubaba, ndiye aliyemfungulia. Alilitazama lile godoro, akampisha mlangoni.

"Pita, mwanangu," alisema. "Nawa mikono, chakula kimeshaiva."

Mzee Rabah alikuwa ndani akisuka. Aliinua uso kuelekea mlangoni, lakini macho yake yakapita pembeni. "Nani huyo?"

"Ni mimi Nuaim, baba. Nimerudi kukaa. Nina madeni."

"Karibu kwako. Kigoda chako kipo palepale ulipokiacha."

Hapo ndipo Nuaim alipotambua kwamba baba yake haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na si tangu jana. Idi mbili zilikuwa zimepita, naye amekuja, amekaa, ameondoka, asione kwamba baba yake haoni.

Wakawa wanasuka pamoja, mzee kwa kupapasa na mwana kwa kujikumbusha, na majamvi yakiuzwa fedha inakwenda kwa wenye haki zao. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, mzee Rabah akasema, "Nuaim, kesho nishike mkono twende msikitini. Jirani aliyekuwa akinipeleka amehama, na magoti ya mama yako hayamfikishi popote. Nina miezi sijaingia."

Nuaim akainamisha kichwa. "Baba, wanaonidai wote husali safu za mbele. Nitaingiaje mbele yao, mtu mzima niliyerudi kulala kwa mama yangu? Nivumilie nimalize deni, nitakupeleka nikiwa na uso."

"Sawa, mwanangu. Inshallah."

Bi Lubaba alikuwa akipepeta ngano pale pale. Aliuweka ungo chini, akasema, "Nuaim, baba yako haombi uso wako. Anaomba mkono."

"Mama, na yeye kipofu ana udhuru. Mola hamdai."

"Najua hamdai," mama akajibu, akaendelea kupepeta.

Mnaona alivyokuwa mjuzi wa sheria. Sisi nasi ndivyo tulivyo: mahali panapotutaka huruma tunapeleka fatwa.

Basi ikawa kila Ijumaa Nuaim anatoka kwa mlango wa nyuma, anapita vichochoroni mpaka kwenye msikiti mdogo wa watengeneza ngozi nje ya mji, ambako hakuna anayemjua, anasali huko na kurudi kwa njia ile ile. Na kila Ijumaa mzee Rabah alikuwa anaoga, anavaa kanzu yake nyeupe, anajipaka mafuta ya uturi, kisha anakaa kwenye kigoda mlango wa mbele mpaka watu watoke kusali. Nuaim aliona ni desturi za wazee. Mara nyingine alirudi akamkuta angali pale, akamwambia, "Taqabbalallah, baba, Mungu aipokee sala yako," na mzee akaitikia kwa uchangamfu.

Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Wadai wanne wakalipwa, akabaki Shaddad peke yake. Mzee miguu ikaanza kumlegea, akawa anashika ukuta akienda chooni. Nuaim akazidisha kusuka. Alikuwa akijiambia kwamba anaharakisha kwa ajili ya baba yake, na pengine nusu yake ilikuwa kweli.

Mwezi wa Rajabu akampelekea Shaddad fungu la mwisho. Shaddad akalipokea, akashuhudisha watu wawili kwamba hana tena haki kwake, kisha akauliza, "Mzee Rabah hajambo? Mbona humleti msikitini? Tunamuulizia siku zote."

Nuaim akashtuka. "Ulijua kwamba ninakaa kwake?"

Shaddad akacheka. "Ewe Nuaim, ulipita sokoni adhuhuri na godoro kichwani. Mji mzima unajua. Tulidhani mzee haruhusiwi kutoka, kwa maradhi. Ungeingia umemshika mkono, nani angefungua kinywa kukudai siku ile? Mimi ningeona haya."

Nuaim akarudi nyumbani mwepesi wa mzigo na mzito wa moyo. Akamwambia baba yake, "Baba, kesho tunakwenda." Mzee akasema, "Miguu haiwezi tena, mwanangu." Nuaim akasema, "Nitakubeba."

Ijumaa hiyo akatoka kwa mlango wa mbele, baba yake mgongoni amevaa kanzu nyeupe, mafuta ya uturi yakinukia shingoni mwake. Watu wakawapisha. Mlangoni mwa msikiti mzee akasema, "Niteremshe hapa. Nataka niingie kwa mguu wangu wa kulia." Nuaim akamteremsha, akamshika kwapani. Mzee akaingiza mguu mtupu, akapapasa kwa vidole, huku na huku. Akasimama.

"Nuaim, umenileta msikiti gani?"

"Msikiti wetu, baba."

"Siyo. Jamvi hili pindo lake ni moja."

Mhudumu wa msikiti, mtu mzima aliyewajua wote wawili, akasogea akambusu mzee mkono. "Ndio hapa hapa, mzee wangu. Majamvi yako yalichakaa. Tuliyatoa Shaabani iliyopita, haya yameletwa kutoka Basra."

"Yote?"

"Yote, mzee. Ya mwisho kutolewa yalikuwa ya safu ya mbele."

Mzee Rabah akalipapasa tena lile jamvi kwa vidole vya mguu. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Yamesaliwa mpaka yakaisha. Jamvi litake nini zaidi?" Akamgeukia mwanawe, akapunguza sauti. "Nilitamani nisujudu juu yake mara moja tu. Basi. Nielekeze kibla, mwanangu."

Ni hapo mwalimu wangu alipokuwa akitafuta miwani yake, nayo iko puani.

Nuaim alisali sala ile asijue amesoma nini. Shaabani iliyopita deni lilikuwa limebaki la mtu mmoja, na mzee alikuwa bado anatembea kwa kushikwa mkono, na kutoka nyumbani mpaka msikitini hazikuzidi hatua mia tatu.

Sala ilipokwisha khatibu akasimama, akamwonyesha kidole. "Enyi waumini, mtazameni Nuaim bin Rabah. Amemaliza madeni yake kama mwanamume, na leo amembeba baba yake mgongoni mchana kweupe. Mwenye wazazi na amwige huyu."

Nyuso zote zikamgeukia, zikitabasamu. Shaddad akaweka mkono kifuani kwa heshima. Uso ule alioutafuta miaka mitatu, na kabla yake miaka ishirini, ulikuwa umeletwa mbele yake na msikiti mzima. Hakutakiwa kusema uongo. Alitakiwa anyamaze tu. Na aliyekuwa na ushahidi dhidi yake alikuwa ubavuni pake, naye asingesema kamwe.

Nuaim akasimama. "Msinisifu kwa hili, wala msiniige," alisema. "Baba yangu aliniomba nimlete hapa miaka mitatu iliyopita, angali anatembea, na majamvi yake yangali chini ya miguu yenu. Nikakataa kwa kuwaonea haya ninyi. Nilipita mlango wa nyuma kila Ijumaa, naye amekaa mlango wa mbele. Ninyi mliokuwa mkinidai nimewalipa hadi wa mwisho. Yeye nilimweka nyuma yenu nyote, kwa sababu ndiye ambaye hakupiga kelele. Nimembeba leo kwa kuwa nilichelewa kumshika mkono."

Mzee Rabah akapapasa mpaka akaipata kanzu ya mwanawe, akaivuta. "Kaa chini, Nuaim. Nilikusamehe tangu Ijumaa ya kwanza."

"Ungeniambia, baba."

"Nikuambie nini? Nilikuwa nakungoja, sikuwa nakudai."

Baada ya siku ile mzee alijaaliwa Ijumaa saba. Nuaim alimbeba zote saba. Ya nane walimbeba watu wanne, na Nuaim alikuwa mbele upande wa kulia wa jeneza.

Eda ya Bi Lubaba ilipokwisha, alitoa sandukuni ile kanzu nyeupe, imekuwa nyepesi kwa kufuliwa, akampa mwanawe. Nuaim akamuuliza, "Mama, kwa nini baba alikuwa akivaa hivi kila Ijumaa na hakuna anakokwenda?"

"Hata mimi nilimuuliza," alisema Bi Lubaba. "Akaniambia, 'Huenda leo akasema twende. Sitaki anikute sijavaa, nikamchelewesha.'"

Inasimuliwa kwamba Nuaim alisuka majamvi maisha yake yote yaliyobaki, pindo mara mbili, na msikiti ule ukatandikwa tena kwa kazi yake. Watu walimwita mwema, naye hakuweza kuwazuia. Lakini alipoulizwa alimpeleka baba yake msikitini mara ngapi, alikuwa akijibu "Saba," kisha anainamia matete yake, na hakuna aliyepata kumtoa neno lingine siku hiyo.

Ndugu yangu unayesoma, mdai mwenye sauti utamlipa tu, kwa kuwa hatakuacha ulale. Jihadhari na yule aliyekwisha kuoga na kuvaa, aliyekaa mlangoni, ambaye kila ukimwambia "ngoja" anakujibu "inshallah". Mola atujaalie tuwafikie wangali wanaweza kutembea.