Mlinzi wa Tela la Kihesa

Watu wengi huipenda methali hii kwa nusu yake ya kwanza. "Mnyonge mnyongeni," husema, na hapo pumzi huwaishia. Nusu ya pili, inayodai kwamba huyo mnyonge apewe haki yake, huwakwama kooni kama mwiba wa samaki. Kisa cha Lutengano, mlinzi wa Kihesa, kinahusu hiyo nusu ya pili, na mimi siwezi kukisimulia bila hasira.

Mwaka 1956 Bwana Halfani, mfanyabiashara wa mchele mjini Iringa, alinunua mnadani tela la kulala la mpima ramani mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirejea kwao. Lilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu mawili, lenye kitanda, meko na mapazia madirishani. Halfani alikusudia kulivuta kwa gari lake hadi Rujewa kila msimu wa mavuno ili asilale tena juu ya magunia. Masika yalipoigeuza barabara kuwa tope, aliliegesha uwanjani kwake Kihesa, akatia mlangoni kufuli kubwa kama ngumi, akalitafutia mlinzi.

Mlinzi huyo ndiye Lutengano, Mnyakyusa wa makamo aliyewahi kulinda mitambo kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya. Kusoma hakujua, lakini wizi aliujua kuliko wezi wenyewe. Siku ya kwanza alilizunguka tela mara mbili, akatikisa kichwa.

"Bwana, kufuli ni ya mlango," alisema. "Lakini hii nyumba iko na miguu. Mwizi hana haja ya kufungua. Anafunga kwa gari yake, anaondoka na nyumba yote, na kufuli yako juu."

Basi alichukua spana, akafungua kiungio, yaani kile kichwa cha chuma cha mbele kinachoshikana na gari linalovuta. Tela likabaki kama ng'ombe asiye na pembe za kufungia kamba. Halfani alicheka hadi akashika mbavu.

"Nimeajiri mlinzi au fundi? Haya, fanya utakavyo. Lakini kikipotea hicho chuma, utanijua mimi ni nani!"

Lutengano alikizamisha kiungio ndani ya pipa la maji nyuma ya jiko la Bibie, mama yake Halfani. Hakumwambia mtu ila mama huyo mwenyewe.

Wiki ya tatu Halfani alikwenda Mbeya kwenye arusi ya mpwa wake. Kesho yake, jua likiwa utosini, gari la kijivu lilisimama uwanjani. Walishuka wanaume wawili waliovaa kaki iliyopigwa pasi, kofia ngumu kichwani, na mmoja alishika barua yenye muhuri mwekundu. Zama zile kaki na muhuri vilitosha kumfanya mtu avue kofia kabla hajaulizwa jina. Majirani walijaa. Muhidini, karani mstaafu wa nyumba ya pili, alipewa barua aisome, naye aliisoma kwa sauti ya khatibu: tela lilitakiwa na boma mara moja, liende Igowole kwa kazi ya chanjo ya ndui.

"Umesikia?" Muhidini alimgeukia mlinzi. "Lete chuma mabwana wafunge gari lao."

"Nimesikia," alijibu Lutengano. "Bwana Halfani ndiye aliniachia. Akirudi, mwambieni yeye."

"Unabishana na Serikali, wewe usiyejua alifu wala be? Watoto wa watu wafe kwa ndui kwa sababu ya kichwa chako kigumu?"

Hapo watu walichafuka. Mmoja alimsukuma, mwingine akamtemea mate miguuni. Waliingia katika kibanda chake wakatupa nje mkeka, sufuria na blanketi, wakitafuta chuma. Hawakukiona. Wale mabwana wa kaki walipochoka kungoja waliomba maji, wakatekewa kata moja kutoka pipa lile lile, wakanywa wakashukuru. Kisha waliondoka wakiapa kurudi na askari. Lutengano aliokota blanketi lake, akalikung'uta tope, akakaa tena mbele ya tela. Hakuna hata mmoja kati ya wale wasomi aliyejiuliza kwa nini boma lipeleke barua kwa mtu ambaye hayupo.

Halfani aliporudi, Muhidini alimpokea stendi ya basi na habari alizozitia chumvi ya kutosha. Halfani aliliogopa boma kuliko homa. Alasiri ile, watu walipotoka msikitini na kuketi barazani kwake, alimwita Lutengano mbele ya wote.

"Mshamba we! Nimekuweka unilindie mali, wewe unanitafutia jela! Umezuia dawa ya watoto! Toka uwanjani kwangu, na kila mwenye mali Iringa ajue wewe ni mtu wa namna gani."

"Bwana, niulize kwanza," alisema Lutengano.

"Nikuulize nini? Mnyonge mnyongeni!"

Barazani walicheka. Lutengano alitoa kiungio pipani, akakiweka miguuni pa Halfani kikidondoka maji, akaondoka na mkeka wake. Alikwenda kwa Fanueli, mtu wa kwao, kungoja basi la Mbeya. Jambo moja lilimtafuna: mlinzi aliyefukuzwa kwa aibu hapati lindo tena, na habari mbaya hufika kwao Rungwe kabla ya basi. Jina lake lilikuwa ndiyo kazi yake.

Asubuhi Halfani alikifunga kiungio, akalivuta tela mwenyewe hadi bomani, akiwa na maneno ya toba mdomoni. Karani wa zamu alimtazama kwa mshangao.

"Chanjo gani? Sisi hatukuandika barua yoyote. Ila juzi mkulima mmoja wa Mufindi ameibiwa tela lake na watu wawili wa kaki, kwa barua ya muhuri mwekundu. Kwako walishindwaje?"

Mngetarajia kwamba Halfani angetoka pale mbio hadi kwa Fanueli. Lahaula! Alirudi barazani, akasimulia jinsi wezi walivyoshindwa na kufuli lake kubwa, na jinsi Muhidini alivyowatia mashaka kwa kuisoma barua yao neno kwa neno. Muhidini alikohoa kidogo, akaipokea sifa isiyo yake kama mtu anavyopokea kahawa. Hivi kuna wizi mbaya kuliko huo?

Siku ya pili Halfani alimfuata Lutengano kwa siri, akipita uchochoroni, na shati jipya kwapani.

"Yamekwisha, ndugu yangu. Chukua hili, urudi kazini."

Lutengano hakunyoosha mkono. "Matusi ulitoa barazani, watu wakasikia. Hii shati nikivaa, watasema nimesamehewa. Nisamehewe nini, Bwana?"

"Unataka mimi nisimame mbele za watu nimwangukie mlinzi?"

"Usiniangukie. Sema tu ile iliyotokea."

Halfani alirudi na shati lake. Lakini Fanueli alikuwa akimletea Bibie kuni, na Bibie akayapata yote. Mama yule alikuwa hajapata kukanyaga baraza la wanaume maisha yake yote. Alasiri ile alijitanda kanga, akatoka, akasimama katikati yao, Lutengano, aliyemwita kutoka kwa Fanueli, akiwa nyuma yake. Muhidini aliinuka aende zake.

"Kaa chini, Muhidini," alisema Bibie. "Siku ile ulisoma, leo sikiliza. Na wewe Halfani, mwanangu, ulianza methali hapa hapa ukaikata. Mimi sikukulea kwa nusu maneno. Imalizie!"

Halfani alitazama sakafu. Jasho lilimtoka na baridi yote ile ya Iringa. Hatimaye alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino:

"Wale walikuwa wezi. Kufuli halikuwazuia, wala Muhidini. Nyinyi nyote mlitaka kuwapa tela. Aliyelikomboa ni Lutengano peke yake, kwa akili yake. Mimi nilimtukana bure."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Ndaga," alisema Lutengano, akishukuru kwa lugha ya kwao, na alimwelekea Bibie. Halfani alimwomba, sasa mbele ya wote, arudi kazini.

"Jina langu nimelipata, Bwana," alijibu. "Kazi nitaifikiria nikiwa nyumbani."

Akapanda basi la Mbeya asubuhi iliyofuata, kichwa juu, na Halfani akabaki uwanjani akililinda tela lake mwenyewe. Wanaopenda kukata methali katikati waisikie leo nzima: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.