Viboko Waliopanda Kilima Kinyumenyume

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nini?"
"Na maji!"
"Yakawaje?"
"Yakakauka!"

Hapo kale, mwaka ambao mvua ilisahau njia, viboko waliishi katika bwawa moja. Mkuu wao aliitwa Kishindo. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa na hofu kubwa. Mwili waliuona, sauti waliisikia. Hofu aliificha.

Viboko hao walikuwa na desturi: hakuna kumpa Mkuu mgongo. Ukila, umtazame. Ukioga, umtazame. Ukisafiri, umfuate. Sasa niambieni, Mkuu asipoondoka, nani ataondoka? Hakuna. Mmejibu vyema.

Maji yakashuka hadi mabegani. Viboko wakasema, "Bwana Mkuu, wazee walisimulia kwamba nyuma ya kile kilima kuna ziwa. Twende."

"Mna hakika bado lina maji?"

"Hatuna, Bwana."

"Basi tuunde kamati."

Mgongoni mwake alikaa ndege mdogo, Kitikio. Kazi yake ilikuwa kumtoa Mkuu kupe na kumsifu. Akalia, "Busara hiyo! Busara!"

Maji yakashuka hadi tumboni. Kishindo akaunda kamati ya kuichunguza kamati. "Busara hiyo! Busara!"

Maji yakashuka hadi vifundoni. Kishindo akaunda kamati ya kuzitafutia kamati mwenyekiti. "Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akajibu Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa na ndama aliyezaliwa juzi tu. Ngozi ya ndama ilianza kupasuka kwa jua. Mama akamsogelea Mkuu.

"Bwana, mwanangu hataiona kesho."

"Pole sana, mama. Lete jina lake, tulitaje kwenye ripoti."

Bi Mashavu hakuleta jina. Alipanda ukingoni, akamgeukia Mkuu, akainama kwa adabu. Akarudi nyuma hatua moja. Mbili. Tatu. Ndama akamfuata.

"We mama, unakwenda wapi?"

"Siendi, Bwana. Nakuinamia tu."

"Mbona unazidi kuwa mdogo?"

"Ndiyo heshima yenyewe, Bwana. Mimi napungua, wewe unakua."

Kishindo akafikiri. Hakuona kosa. Uso ulikuwa kwake, mgongo ulikuwa kilimani.

Wenzake wakamnong'oneza, "Mashavu, unaona unakokwenda?"

"Sioni."

"Huogopi?"

"Naogopa mpaka mkia unatetemeka. Lakini hapa napaona, na hapa ni kifo."

Wakatazamana. Akainama wa pili. Akainama wa tatu. Wakainama wote. Mmewahi kuona viboko arobaini wakipanda kilima kwa matako? Msicheke. Haya, chekeni kidogo. Wakajikwaa, wakaanguka, wakainuka, na nyuso zao bado kwa Mkuu.

Kishindo akabaki peke yake topeni.

"Kitikio, wameniacha?"

"Busara hiyo, Bwana!"

Kisha Kitikio akawakumbuka kupe wa viboko arobaini wanaopanda kilima, akaruka akawafuata. Hapo Kishindo akaanza kukimbia.

Wale walizidi kurudi nyuma. Wakavuka kilele, wakashuka upande wa pili. Ghafla Bi Mashavu akahisi ubaridi visiginoni. Maji! Ndama akateleza, akazama, akakawia chini. Mara puuu! Ndama akaibuka akipuliza maji puani.

Kishindo akafika akihema. "Mmeona? Niliwasukuma kwa macho kutoka nyuma!"

Akangoja asifiwe. Akamtafuta Kitikio, alikuwa mgongoni mwa mwingine, anakula.

Bi Mashavu akamsogelea Mkuu, akamuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyevunja mtungi, "Bwana, uliogopa?"

Kishindo akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama chini.

"Sana," akasema.

"Hata sisi. Ungetuambia mapema, tungeogopa pamoja huku tunatembea."

Ngano yangu imelowa, siwezi kuibeba zaidi. Mwenye kiu na achote. Mwenye hofu na atembee nayo.