Kwa Nini Nahodha Humwachia Rubani Usukani

Zamani, rubani hakuwa mtu anayejua njia. Alikuwa mtu mwenye hati. Katika mji wa Mwambakuu, baraza la madiwani lilimteua kwa mihuri mitatu, likampa kilemba na kiti cha kukalia chomboni, na mtihani wake ulikuwa kuisoma hati hiyo mbele ya watu bila kukwama. Mwamba wa mlango wa bandari haukuulizwa maoni. Nahodha aliyegeuza usukani bila idhini ya rubani alinyang'anywa chombo.

Asubuhi moja ya masika, jahazi la Nahodha Makame lilikuwa likirudi na abiria, miongoni mwao Mize, mchokoa pweza, na bintiye Kazija, mwenye mimba ya miezi minane. Mvua ikafunga, nchi kavu ikapotea, na mawimbi yakasikika yakipasuka pande zote. Mize alizijua sauti zile. Miaka thelathini alitembea juu ya mwamba ule maji yakiwa yamekupwa, na aliwahi kuokota humo meno ya watu.

"Hivyo hivyo, sawasawa," alisema rubani, Bwana Jabu, bila kuinuka kitini.

Baharia alitupa bildi, ile risasi ya kupimia kina, iliyopakwa mafuta chini ili inase mchanga. Ilipopandishwa, Mize aliishika kabla ya kuombwa. Kwenye mafuta palikuwa na vipande vya magamba ya kaa, vimevunjwa vidogo vidogo. Pweza akila kaa hutupa magamba mlangoni pake, na nyumba ya pweza ni jiwe.

"Makame, mwanangu, tunaingia mwambani. Kata kushoto!"

"Bibi, rudi ukae," alisema Bwana Jabu. "Una hati?"

"Nina mtoto humu."

Nahodha akamtazama Bwana Jabu, kisha akamgeukia Mize. "Wataninyang'anya chombo, mama."

"Kifikishe kwanza, wakukute nacho."

Akakata kushoto. Upande wa kulia bahari ikajikunja, jiwe jeusi likatokeza, karibu kiasi cha kuguswa kwa kasia. Wimbi likachukua kiti cha rubani. Mwenyewe alibaki amekumbatia mlingoti, na hakuna aliyemsikia tena akisema sawasawa. Saa moja baadaye Kazija alishuka pwani kwa miguu yake.

Baraza lilimwita Mize ajieleze kwa nini alifanya kazi ya baraza bila kibali. Kikao kilichukua siku tatu, na kingechukua nne, ila madiwani wawili walikuwa chomboni siku ile, wamelala kifudifudi, na kila walipofumba macho bado waliliona lile jiwe. Wakamvua Jabu jina la rubani, wakampa Mize.

Na tangu siku hiyo, rubani ni yule anayeijua njia, na nahodha, awe na mvi kiasi gani, humwachia usukani mlangoni mwa bandari. Watu walipojifunza kupanda angani walipanda na jina hilo hilo. Ndege inapoingia wingu jeusi ikaanza kutetemeka, utaona abiria wameshika mkono wa jirani wasiyemjua, wakingoja sauti ya rubani.