Hema Lisimame Wapi?

Ndugu zangu, palikuwa na usharika mmoja. Si huu wetu, msianze kutazamana. Siku moja baada ya ibada akaja muuguzi wa zahanati kupanga kazi ya kupima VVU na kutoa dawa. Alikuwa na hema moja tu, na hakujua alisimamishe wapi. Basi akachora mtaa mzima kwa majivu pale uwanjani: kanisa, soko, kilabu cha pombe, na nyumba za watu. Akampa kila mmoja punje ya mahindi.

"Wekeni pale mnapoona watu wako hatarini."

Mnadhani waliweka wapi? Kilabuni, wote! Mzee wa kanisa akaweka, kwaya ikaweka, mwenyekiti wa akina mama akaweka yake na kukung'uta mikono. Mahindi yakawa chungu nzima, hadi kuku wakaanza kusogea.

Sasa, yule mwenyekiti alikuwa mjamzito, na mumewe ni mtu wa mgodini, wa kuonekana nyumbani Krismasi na Pasaka. Kliniki alikuwa anaikwepa kwa kuogopa kupimwa. Aliogopa kweli, maskini, na hakuna aliyejua.

"Mmenisaidia sana," akasema muuguzi. "Kesho hema litasimama kilabuni, mchana kutwa. Anayetaka kupima atanikuta huko."

Watu wakapiga makofi. Mama muuza pombe, aliyekaa nyuma kabisa, akapiga kuliko wote.

"Karibuni sana kwangu! Mama mwenyekiti, nikuwekee kiti cha ndani au cha barazani?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. Angeingiaje kilabuni mchana kweupe na kitenge cha umoja wa wanawake? Na asipoingia, mtoto je? Akainama, akachukua punje moja, akaiweka kwenye nyumba yake.

"Mama, hapo ni kwako!" mzee wa kanisa akashtuka.

"Napajua, mzee. Ndipo ninapolala. Hali yangu siijui, na mtoto yuko njiani."

Kisha mzee naye akainama, huku ameshika kiuno, akahamisha punje yake mpaka nyumbani kwake. Wakafuata wengine kwa vikumbo. Muuguzi akasimamisha hema uani mwa kanisa, na kilabuni akaenda wiki iliyofuata. Yule mama alipima, akakutwa na VVU, akaanza dawa siku ile ile, na mtoto wake akazaliwa bila virusi. Siku ya ubatizo alilia akaizidi kwaya!

Na sisi je? Ule msemo wa nyani mnaujua, siwezi kuumalizia hapa madhabahuni. Tukiulizwa hatari iko wapi, kidole chetu kinaruka ukuta kwenda kwa jirani. Nani hapa aliwahi kuumwa homa, akamnywesha jirani dawa, akapona yeye? Tukielekeza msaada kwa watu tunaowasema tu, utafika huko huko, nasi tutabaki na ugonjwa wetu na heshima yetu. Heshima gani hiyo ya kumpeleka mtu kaburini?

Mnasema amina? Amina hiyo nimeisikia, lakini haitoshi. Muuguzi wetu yuko hapo mlangoni, anauliza hema alisimamishe wapi. Haya, nyoosheni vidole, na kila mtu aelekeze kwake.