Jogoo Aliyeatamiwa na Taa

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambo, kulikucha bila jogoo kuwika. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita, kikamaliza kuku wote, jogoo na mtetea, mpaka kifaranga. Baraza la mji halikukaa kimya: lilipiga kideri marufuku kwa tangazo lenye mihuri miwili. Kideri, kwa kuwa hakikusoma, kilimaliza kazi yake kisha kikaondoka kwa hiari.

Mwaka mzima watu wakachelewa. Wakachelewa sala, wakachelewa shamba, wakachelewa hata kugombana. Mkuu wa mji akatangaza: "Atakayewarudishia watu wa Kiwambo kuku, nao wakakubali kuwala, Jogoo wa Mji atalala kwake." Heshima hiyo si ndogo. Nyumbani anakolala Jogoo wa Mji, yule anayeamsha watu wote, ndiko siku inakoanzia.

Akatokea fundi mmoja, Chande. Akaunda sanduku la mbao lenye dirisha la kioo, ndani yake taa ya mafuta na bakuli la maji. Akaagiza mayai ng'ambo ya milima, akayatia humo. Siku ya ishirini na moja, vifaranga. Wiki ya saba, kuku mia mbili wanene, tayari kwa chungu.

Hakununua mtu.

"Kuku asiye na mama!" wakasema sokoni. "Wiki saba tu? Mwanangu ana miaka saba na hajanenepa hivyo!"

Chande akaomba baraza limsaidie. Baraza likampa cheti kinachothibitisha kwamba kuku hao ni kuku. Hapo ndipo watu wakaogopa kweli. "Kuku wa bibi yangu alikuwa na cheti?"

Karani wa baraza, aliyependa kila jambo liwe na tarehe, akaandika amri: siku ishirini na moja. Mji ukiwa haujawala, kuku wote wafukiwe, na sanduku lipasuliwe kuni. Asubuhi hiyohiyo Chande alikuwa ametia mayai mengine.

Dada yake, Somoe, akaenda sokoni kumsemea. Siku ya kwanza akasifu, wakacheka. Siku ya pili akasifu zaidi, wakaondoka. Siku ya tatu akachoka kusifu. "Haya, ulizeni," akasema. "Nitajibu hata kama jibu litaniuma mwenyewe."

"Mnawapa dawa?"

"Tunawapa. Tone la chanjo ya kideri, jichoni. Akiugua tunamtibu, na aliye kwenye dawa haji sokoni mpaka siku za dawa ziishe."

"Na wanakufa?"

"Wamekufa arobaini. Taa ilizimika, kaka kasinzia, baridi ikawamaliza. Niliwazika mimi."

Watu wakasogea karibu. Hawakuwa wamewahi kumsikia mchuuzi akitaja kosa la nyumbani kwake.

Akainuka Bi Mashavu, mpishi aliyelisha nusu ya mji. "Mwanangu, umesema vizuri. Hata mwongo husema vizuri. Mimi najua kuna mtetea kafichwa chini ya sanduku lile."

Akaenda na kufuli lake. Akapekua chini, akapekua juu, akapekua nyuma. Akafunga chumba chenye sanduku, ufunguo akauvaa shingoni, na jiko lake akalihamishia mlangoni.

"Bi Mashavu!" Chande akalia nje ya dirisha. "Mayai hugeuzwa mara tatu kwa siku! Yasipogeuzwa yanakufa!"

"Basi nitageuza mimi. Nifundishe, na usiingie."

Akamfundisha akiwa palepale dirishani: yai limechorwa mstari upande huu, duara upande wa pili, ukikuta mstari uko juu, weka duara. Taa isizime, maji yasikauke. Akageuza, mwanamke yule asiyeamini. Akageuza siku moja, akageuza siku mbili, akageuza siku saba.

Siku ya saba Chande akamwambia, "Sasa shika yai moja mbele ya taa, utazame."

Bi Mashavu akatazama. Ndani ya yai akaona mishipa myekundu, myembamba kama mizizi ya mche, na katikati kitone kinadunda. Kinadunda! Akakaa sakafuni. Mchana huo wateja wake walikula maharage mabichi, na walipolalamika hakuwasikia.

Siku ya ishirini na moja tangu amri, akafungua mlango, akaita mji mzima. Akaja Mkuu, akaja karani na amri yake mkononi. Yai moja likatikisika. Sauti ikatoka ndani ya gamba, nyembamba, kama mgeni anayepiga hodi ili atoke. Waliokuja kucheka wakavua kofia. Ukatokea ufa, ukatokea mdomo, kikatokea kiumbe kilicholowa. Kikaanguka, kikasimama, kikawatazama watu wa Kiwambo kana kwamba wao ndio waliochelewa.

"Mtetea hayupo," akasema Bi Mashavu. "Nimemtafuta siku kumi na nane. Hayupo."

Akaagiza kuku mmoja wa Chande achinjwe, akampika kwa nazi, akala mbele ya wote. Watu wakasubiri aanguke. Akaomba pilipili. Kabla ya jua kuzama, banda lilikuwa tupu.

Kifaranga kile cha kwanza kikakua, kikawa jogoo. Alfajiri moja akawika. Mji mzima ukaketi vitandani, na wazee wakalia bila kuficha.

Kisha ugomvi ukaanza, kwa mara ya kwanza bila kuchelewa.

Chande akasema, "Alale kwangu. Bila sanduku langu, mngemwamini nani, mngemshuku nani?"

Somoe akasema, "Alale kwangu. Sanduku lilikuwepo, cheti kilikuwepo, nanyi mlikuwa mnakula dagaa. Nilipowataja wale arobaini ndipo mtu wa kwanza akainuka kuja kutazama."

Bi Mashavu akasema, "Alale kwangu. Mji uliamini kwa sababu mimi sikuamini. Na yai lake, mikono iliyoligeuza ni hii."

"Kwa maarifa yangu!" akasema Chande.

"Kwa aibu yangu!" akasema Somoe.

"Kwa kufuli langu," akasema Bi Mashavu.

Karani akapendekeza jogoo agawanywe sehemu tatu sawa. Mkuu akamuuliza ni sehemu ipi itakayowika. Karani akaunda kamati.

Kamati ingali inakaa, na jogoo kwa sasa analala ofisini mwa baraza. Na kwa kuwa siku huanzia anakolala, huko Kiwambo siku sasa inaanza saa nne, baada ya chai. Watu wamechoka. Basi ninyi mliosikia yote, waamulieni leo: aliyeunda, aliyekiri, au aliyekataa kuamini mpaka aone, je, jogoo alale kwa nani?