Mkoba Ulioshiba

Wahenga waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame walikuwa na vitanda, ndege hawakuzijua. Hata hivyo maneno yao hayajachuja. Maana yake ni kwamba anayetaka kitu kilicho chini hana budi kuushusha mgongo, na anayehitaji msaada wa mtu hana budi kukishusha kiburi. Mgongo ukigoma, daktari yupo. Kiburi kikigoma hakuna wa kukikanda, mpaka mwenyewe aone haja. Na haja ilimtokea fundi mmoja wa cherehani mahali asipopatarajia, siku aliyosafiri kwenda kumwoza binti yake.

Wateja walimwita Bi Wima, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imenyooka, mwendo wa mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni. Pini ikimwanguka hakuinama kuiokota. Alikuwa na sumaku aliyoifunga kwenye uzi, akaiteremsha sakafuni na kuzivua pini zake kama avuaye samaki. Kazi yake haikuwa na mfano. Mabibi harusi walitoka mitaa ya mbali kumfuata, na yeyote aliyemletea picha ya mtindo na vipimo alivyojiandikia nyumbani aliambiwa, "Picha weka kando, simama nikupime. Nguo hupimwa mwilini, haipimwi ikiwa imetundikwa." Wanafunzi wake walilijua neno hilo kuliko majina ya wajomba zao.

Bi Wima alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mwanamke mcheshi, mhasibu wa kampuni ya bima, aliyesafirishwa kikazi mara kwa mara hata akawa haogopi tena ndege ikitikisika. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Kisha binti wa Bi Wima, muuguzi aliyefanya kazi ng'ambo, akachumbiwa huko huko, na mama yake mdogo akaja mbio sebuleni kwa dada yake akiwa na simu iliyojaa picha za magauni ya dukani.

"Dada, siku hizi ukitunga uzi macho yako yanatoka machozi. Tuchague moja hapa, wewe uende harusini umepumzika."

Hayo yalikuwa maneno ya huruma, lakini Bi Wima aliyasikia kwa sikio la kiburi.

"Yaani mwanangu avae nguo ya dukani na mimi ni hai? Kwa hiyo mimi ni kipofu?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema. Chukua simu yako, mlango unaujua."

Tangu siku hiyo wakanuniana. Mdogo alikuja mara mbili kutaka suluhu, akaukuta mlango umefungwa na cherehani inanguruma ndani. Bibi harusi mtarajiwa alibembeleza kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Jibu la mama yake halikubadilika: "Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa haendi kwa mdogo kuomba radhi, labda mto urudi mlimani."

Gauni likashonwa, kwa vipimo alivyompima binti yake mwilini alipokuja likizo. Tuseme ukweli, lilikuwa gauni la kumtoa nyoka pangoni: mikono ya lesi, shanga kifuani alizozishona moja moja, na marinda juu ya marinda ya kitambaa chepesi cha wavu. Lakini lingesafirije? Bi Wima hakuliamini tumbo la ndege hata kidogo. Jirani yake aliwahi kusafiri kwenda kaskazini, sanduku lake likaenda kusini na kurudi baada ya sherehe. Kwa hiyo akaazimia kwamba gauni litakaa naye, mkononi mwake, mwanzo hadi mwisho.

Akasoma masharti ya shirika la ndege. Abiria wa daraja la kawaida aliruhusiwa mkoba mmoja wa mkononi, na urefu, upana na kina chake vilitajwa. "Vipimo!" akacheka peke yake. "Wananitishia vipimo, mimi!" Akachukua turubai gumu, akakata, akashona mkoba wa kiasi kile kile kilichoandikwa, hata upana wa ukucha haukuzidi. Akaupima mara tatu juu ya meza. Kisha akaliingiza gauni, na marinda yalipogoma kuingia akayasihi, akayasukuma, mwisho akaukalia mkoba ndipo zipu ikakubali kufunga.

Siku ya safari, ndugu hao walionana tangu ukumbi wa kuingilia uwanjani, kwa maana walipanda ndege moja. Kila mmoja akajitia hamnazo. Mkubwa alisoma bango la manukato kana kwamba kesho ana mtihani. Mdogo akapita na kitambaa chake cha njano shingoni, akaenda zake kwenye sebule ya abiria wa daraja la biashara, kwani safari nyingi za kazi zilikuwa zimemlimbikizia pointi za kumpatia kiti cha huko.

Mambo yaliharibika kwenye lango la kuondokea. Mbele ya mlango palikuwa na fremu ya chuma, na kando yake alisimama mhudumu kijana, msichana mwenye adabu na tabasamu lisiloyumba.

"Mama yangu, naomba tuujaribu mkoba wako hapa."

"Jaribu bila wasiwasi, mwanangu. Huo nimeushona na kuupima mwenyewe."

Mkoba ukaingia kidogo, ukakwama. Bi Wima akausukuma kwa kiganja. Ukakataa. Akausukuma kwa viganja viwili, fremu ikasogea nao sakafuni ikipiga kelele, na mstari mzima ukageuka kutazama. Uso ukampanda joto. Akaitoa tepu yake mfukoni, maana fundi hatembei bila tepu, akamkabidhi msichana.

"Pima wewe. Pima usome kwa sauti."

Msichana akapima. Urefu ulikuwa sawa. Upana ulikuwa sawa. Alipofika kwenye kina akasita, akatafuta maneno ya heshima.

"Hapa katikati, mama… mkoba umeshiba."

Mzee mmoja nyuma akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Bi Wima akautazama mkoba wake ubavuni na kuliona tumbo lake, la mviringo kabisa. Alikuwa ameupima mkoba mtupu! Yeye, aliyewaimbia wanafunzi wake kwamba nguo hupimwa mwilini, alikuwa ameupima mkoba kabla haujavaa mwili. Angekuwa mwanafunzi wake aliyefanya hivyo, angefagia karakana mwezi mzima.

"Itabidi uende chini na masanduku mengine," msichana alisema. "Nitauwekea alama ya kitu laini."

"Chini? Mwanangu, hili ni gauni la harusi, na harusi ni kesho. Na njiani tunabadilisha ndege!"

"Mizigo mara nyingi hufika, mama."

"Mara nyingi siyo kila mara."

Msichana alimwonea huruma, lakini sheria haikuwa yake. "Sisi kwa daraja la kawaida tunaruhusu mkoba mmoja, nao uingie kwenye fremu. Wenzetu wa daraja la biashara wanaruhusiwa mizigo miwili ya mkononi, na kule mbele kuna kabati la kutundikia makoti. Gauni lingetundikwa humo likapumua. Kama una ndugu au jamaa kwenye mstari ule, mwombe. Ila fanya haraka, ndio wanaanza kuingia."

Bi Wima hakuhitaji kuonyeshwa mstari ule. Ulikuwa hatua chache tu, ng'ambo ya kamba nene iliyofungwa kwenye viguzo vya shaba, na katikati yake aliiona njano ya kile kitambaa.

Ah, kiburi ni mshauri mbaya, na kilimnong'oneza mengi pale aliposimama. Kilimwambia kwamba yeye ndiye aliyenyonya wa kwanza. Kilimwambia kwamba mdogo wake atacheka, atasema si nilikwambia, na habari itasambaa kwa ndugu wote kabla ndege haijatua. Akashika tama. Kisha akamwona binti yake kwa macho ya moyo, amesimama mbele ya kioo katika gauni la kuazima, akijitahidi kutabasamu ili mama yake asijisikie vibaya. Hilo lilimchoma kuliko yote. Afadhali aibu yangu, aliwaza, kuliko machozi ya mwanangu.

Mstari wa biashara ukaanza kusogea. Kuizunguka kamba kulitaka arudi nyuma ya umati wote, na muda huo hakuwa nao. Bi Wima akapiga moyo konde. Akaukumbatia mkoba, akakunja magoti yaliyolia kwa kukosa mazoea, akainamisha ile shingo iliyojulikana mtaa mzima, akapita chini ya kamba. Miwani ikamteleza mpaka ncha ya pua. Alipojiinua upande wa pili, nywele zilikuwa zimemtimka na nusu ya uwanja ilikuwa inamtazama.

"Mdogo wangu," akaita.

Mdogo wake akageuka, akapigwa na butwaa. "Dada! Umepitaje hapo?"

"Nimeinama," Bi Wima akajibu, akihema. "Na bado sijamaliza. Nimekukosea, mdogo wangu. Ulinionea huruma, mimi nikakufukuza kama mwizi wa kuku. Macho yangu yananisumbua kweli, na shanga nyingine humu nimezishona kwa kupapasa. Sasa nimekwama na gauni la mtoto. Naomba unibebee. Na hata ukikataa, radhi yangu nimekwisha kuomba, siirudishi."

Mdogo akainua mkono mmoja, uliokuwa na kimkoba kidogo cha kutilia hati za safari, akainua na wa pili, mtupu, akakikunjua kiganja chake mbele ya uso wa dada yake.

"Ninaruhusiwa miwili, dada. Unaona nimebeba mingapi? Vitu vyangu vyote nimevishindilia kwenye sanduku lililokwenda chini, hata viatu vya harusi, ili mkono huu uje mtupu. Nayajua marinda yako. Nilijua hayataingia kwenye fremu ya mtu."

"Ulijua, ukaniacha nihangaike vile? Mbona hukuja?"

"Nilikuja, dada. Nilikuja mara mbili, ukaongeza mwendo wa cherehani."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na ndiyo sababu yalifika. Bi Wima akaanguka begani kwa mdogo wake akalia waziwazi, mbele ya marubani, wafagiaji na abiria wa madaraja yote. Mdogo naye akalia, huku akicheka, huku akimwambia asimloweshee kitambaa.

Msichana wa lango alikuja akiwa na haraka na furaha. Wakafungua zipu, na gauni likachomoka likiwa ndani ya kifuko chake cheupe kama mtu aliyetolewa kwenye chumba chenye msongamano. Mkoba uliobaki ukanywea. Msichana, kwa utani, akautia kwenye fremu, nao ukateleza mpaka chini bila kugusa kingo. "Sasa ndiyo vipimo vyako, mama," akasema, na yule mzee wa kikohozi safari hii akacheka bila kujificha.

Kiti cha Bi Wima kilikuwa nyuma kabisa, jirani na choo. Ndege ilipotulia angani na taa za mikanda kuzimwa, pazia la mbele likafunguka, na kitambaa cha njano kikaonekana kinakuja kwenye ujia. Mdogo wake akajibanza kwenye kiti kitupu cha pembeni, viwiko vikagongana, wakaanza kuyamaliza mazungumzo ya miezi yote. Mhudumu wa ndege alikuja kumkumbusha kwa heshima.

"Mama, kiti chako ni kule mbele. Hata ukitaka kukilaza kiwe kitanda, kinalala."

"Ahsante, mwanangu. Mwenye hadhi ametundikwa kabatini kule mbele, mpeni huduma zote. Sisi huku ni wapambe wake."

Bi Wima alicheka mpaka akajipiga goti kwenye meza ya kulia chakula. Alipolala, alilala kichwa kimeegemea bega la mdogo wake, shingo imepinda kabisa.

Kesho yake gauni lilivaliwa bila kunyanzi hata moja. Binti aliingia ukumbini akimeremeta, watu wakasimama wenyewe bila kuambiwa, na wanawake wawili waliomtangulia walikuwa wameshikana mikono kama wasichana waendao kisimani. Baadaye, katikati ya vigelegele, bibi harusi alimvuta mama yake kando.

"Mama, nimewabembeleza kwa simu mpaka nikachoka. Mmepatana lini?"

"Jana, uwanja wa ndege."

"Nani alimwanza mwenzake?"

Bi Wima hakujibu kwa mdomo. Aliweka mikono magotini, akauinamisha ule mgongo wake mrefu mpaka mdogo wake akapiga ukelele wa furaha, na muziki ulipokolea akabaki hapo hapo chini akicheza, bila haraka ya kusimama. Waliomjua tangu zamani walitazamana wasiamini, na waliosimuliwa kisa chake wakabaki na neno moja tu la kusema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.