Maneno Aliyoyameza Semeni

Hapo zamani za kale, siku zile wanyama wakioana kwa vigelegele na kuachana kwa kelele, ndoa ya Bwana Nyati na Bi Nyati ilivunjika. Bwana akahamia ng'ambo ya mto. Bi akabaki na nyumba. Binti yao Semeni akabaki na njia.

Maana wazee hao hawakusemezana tena, wanangu! Kila neno lilipitia kwa mtoto. Asubuhi, chubwi! anavuka: mwambie baba yako ni mvivu. Jioni, chubwi! anarudi: mwambie mama yako ana kelele kama chiriku.

Semeni alihuzunika, tena alikuwa na siri. Siku baba alipoondoka, yeye ndiye aliyemwaga uji wa asubuhi. Aliamini ugomvi ulianzia hapo.

Rafiki yake Kindi alimkuta analia. Kindi mwenyewe alikuwa mdogo wa kutosha kiganjani, lakini akili zake zilichemka. Akamfunga boga tumboni, akamfunika kanga, akamlaza. Kisha mbio kwa mama, mbio kwa baba, kuwaambia mtoto amevimba tumbo.

Du! Du! Du! Wazee wakafika wakihema.

"Amemeza maneno," Kindi akasema, akijitia uganga. "Yale mliyomtwika yamekwama humu. Kila mmoja achukue yake, amwambie mwenyewe."

Bi Nyati akatazama chini. "Baba Semeni, nilisema wewe ni mvivu."

"Nami nilisema una kelele kama chiriku."

Maneno yale, yakisemwa mbele ya mtoto, yaliwatia aibu wote wawili.

"Limebaki moja," Semeni akasema polepole. "Mliachana kwa sababu nilimwaga uji?"

Mama akapiga magoti. "Uji? Mwanangu, tulishindwana sisi wawili. Wewe humo kabisa."

"Na mimi ni baba yako ng'ambo hii na ng'ambo ile," akasema Bwana Nyati.

Semeni akashusha pumzi ndefu. Kanga ikalegea, na boga, pu! likabingirika hadi miguuni pa baba. Kindi alikuwa ameshapanda mti.

Hawakurudiana. Lakini tangu siku hiyo mwenye neno alikwenda mtoni mwenyewe akalisema. Na lile boga waligawana nusu kwa nusu, Semeni akala pande zote mbili.

Wakubwa wakikosana, mzigo wa maneno yao waubebe wenyewe.